Kariakoo kwa Miguu: Mwongozo Kamili wa Mgeni

Kariakoo, mtaa wa soko kuu la Dar es Salaam, haichoshi kwa ukubwa. Ukifuata Barabara ya Uhuru kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Msimbazi bila kusimama, unamaliza kwa robo saa hivi. Wageni wengi hutoka hoi kwa sababu waliingia bila kujua mtaa upi una nini. Wakavutwa mkono huku na kule, wakaulizia kitenge kwenye maduka ya simu, na saa kumi jioni wako pale pale walipoanzia, begi tupu na kichwa kinauma. Mwongozo huu unampanga mgeni tangu anapotoka nyumbani hadi mzigo wake unapopakiwa, awe ametoka Mwanza, Mombasa, Lubumbashi au Muscat, awe anakuja kununua au kutazama tu.

Shika ramani kichwani kwanza

Mitaa ya Kariakoo ilichorwa kwa mistari iliyonyooka tangu enzi za Wajerumani, inakatana kama miraba ya daftari la hesabu. Hilo ndilo la kwanza la kukusaidia: huwezi kupotea kabisa, kwani ukinyoosha njia moja utatokea barabara kubwa. Upande wa mashariki kuna Mtaa wa Lumumba na viwanja vya Mnazi Mmoja, na ng'ambo ya viwanja ni mjini kati. Magharibi kuna Msimbazi, inayoanzia Faya kwenye Barabara ya Morogoro na kuteremka hadi Gerezani upande wa kusini. Uhuru inakata katikati na kuendelea Ilala. Shika majina hayo matatu, Lumumba, Msimbazi na Uhuru, mengine utayajaza ukitembea.

Anwani za Kariakoo hutajwa kwa makutano. Watu hawasemi namba ya nyumba, wanasema "Aggrey na Likoma" au "Mchikichi na Kongo". Ukiagizwa duka, usikubali kupewa jina la mtaa mmoja tu, uliza: "Na mtaa gani?" Kisha uliza jengo na ghorofa, kwa sababu maduka mengi ya jumla yako juu, na huko mara nyingi ndiko kwenye bei nzuri. Fremu ya chini inayotazama barabara ina kodi kubwa, na kodi hiyo iko ndani ya bei unayotajiwa.

Siku na saa

Kama lengo lako ni kununua, fika saa mbili na nusu hadi saa tatu asubuhi, Jumanne hadi Alhamisi. Maduka yanafunguliwa, wauzaji hawajachoka, na bidhaa mpya zilizoshushwa usiku zimepangwa. Kuanzia saa tano hadi saa kumi, mitaa kama Kongo hujaa kiasi kwamba hatua zako zinaamuliwa na walio mbele yako. Jumamosi ni ngumu zaidi. Ijumaa mchana maduka mengi husimama kwa ajili ya swala, na karibu na misikiti mikubwa safu za waumini hutoka hadi barabarani. Mgeni asipite katikati yao, asubiri au azunguke mtaa wa pili.

Jumapili asubuhi ni siku ya anayetaka kutazama majengo na kupiga picha. Nusu ya maduka yamefungwa na unaona mtaa ulivyo. Mwaka 2025 ulizinduliwa mpango wa biashara saa 24, na sehemu zenye taa sasa zina wateja hata usiku. Hata hivyo, ziara ya kwanza ifanye mchana.

Epuka, kama unaweza, wiki ya mwisho kabla ya Idi, wiki mbili kabla ya Krismasi, na mwanzoni mwa Januari wazazi wanapotafuta sare na madaftari. Bei haishuki wakati huo, na muuzaji hana muda wa kukufungulia robota la pili. Msimu wa masika, Machi hadi Mei, ongeza tahadhari ya njia: mvua kubwa ikinyesha, bonde la Jangwani hufurika na Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi nayo yanasimama. Anayetoka Kimara au Ubungo atazame hali kabla ya kutoka.

Cha kubeba na cha kuacha

Vaa viatu vilivyofunika vidole. Si kwa ajili ya matope tu: mkokoteni wenye magunia ukikukanyaga mguu na ndala, ziara imeisha. Beba mfuko wako wa kitambaa, kwa sababu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 1 Juni 2019 na mifuko mbadala utauziwa. Beba maji, noti ndogo za elfu moja na elfu mbili, na sarafu za choo cha kulipia. Peni nene ya kuandikia mizigo ni kitu kidogo kinachookoa mengi.

Fedha zigawe sehemu tatu: ya matumizi madogo mfuko wa mbele, ya manunuzi ndani ya nguo, na iliyobaki iache kwenye simu. Aliyetoka nje ya nchi abadilishe fedha kabla ya kuingia. Kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutaja bei au kulipa kwa fedha za kigeni ndani ya Tanzania, kwa hiyo dola zako hazina kazi dukani, na anayejitolea kukubadilishia barabarani ni wa kukimbia. Hereni za dhahabu, kompyuta, pasipoti halisi ya mtu asiyeihitaji siku hiyo: viache ulikofikia.

Kufika

Kwa mwendokasi, ukitoka Kimara panda basi la Gerezani. Vituo vinavyokuhusu ni vitatu: Faya kwa anayeanzia juu, Msimbazi Polisi kwa anayetaka kuingia katikati, na Gerezani kwa anayekwenda kwenye vyuma na spea. Aliyeshukia Kivukoni au Posta anaweza kutembea hadi Mnazi Mmoja. Daladala nyingi huandikwa "K'koo", lakini muulize konda zinapogeuzia, maana "Kariakoo" ya daladala inaweza kuwa Gerezani au Msimbazi. Aliyekuja kwa treni ya SGR, iliyoanza safari zake mwaka 2024, anashukia stesheni iliyo jirani na Gerezani. Kutoka hapo kwa bajaji ni safari fupi sana, na asiye na mzigo anafika kwa miguu.

Gari binafsi liache. Maegesho ni machache, mikokoteni inapita kila upande, na utatumia saa nzima kutoka mitaa minne.

Mzunguko wa kwanza: Mnazi Mmoja hadi sokoni

Usianze kununua. Toa saa mbili za kutembea tu, ukiulizia bei bila kutoa fedha. Njia ifuatayo inakupa historia na ramani kwa pamoja.

Anzia Mnazi Mmoja, penye mnara wa Mwenge wa Uhuru. Viwanja hivi viliachwa wazi wakati wa ukoloni ili vitenganishe Uhindini na makazi ya Waafrika, na Kariakoo ndiyo iliyokuwa ng'ambo. Ukivuka kuingia Lumumba, uko kwenye mtaa uliokuwa ukiitwa New Street. Hapo, tarehe 7 Julai 1954, ndipo TANU, chama kilichopigania uhuru wa Tanganyika, ilipozaliwa, na ofisi ndogo ya CCM, chama tawala, bado iko mtaa huo. Siasa na soko hazikuwa mbali: Abdulwahid Sykes, mmoja wa waasisi wa TANU, alikuwa msimamizi wa Soko la Kariakoo.

Jina lenyewe linatokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Baada ya Dar es Salaam kutekwa Septemba 1916, wapagazi hao walipigishwa kambi hapa, na wenyeji wakalitamka jina kwa ulimi wao. Nairobi nako kuna Kariokor, kwa asili hiyo hiyo. Soma vibao vya mitaa unapotembea: Mahiwa na Narung'ombe ni majina ya mapigano ya mwaka 1917 kusini mwa Tanganyika, na Tandamti pia ni jina la pigano la vita hivyo. Maelfu ya wapagazi waliobeba risasi na chakula kwenda huko walikufa kwa maradhi na njaa, na wengi hawana kaburi linalojulikana. Kwa maoni yetu vibao hivyo vya bati vinastahili kutazamwa kuliko sanamu nyingi za mjini, na watu hupita chini yake kila siku wakigombea bei ya soksi.

Aggrey ni mtaa wa James Aggrey, mwalimu kutoka Gold Coast, Ghana ya leo, aliyepita Afrika Mashariki mwaka 1924 na tume ya elimu. Msikiti wa Manyema unakumbusha watu waliotoka mashariki ya Kongo na kujenga ukoo wao hapa, kwa hiyo mgeni kutoka Kindu au Kasongo asijione mgeni sana.

Kutoka Lumumba ingia Uhuru, pita maduka ya vitambaa, kisha kata kulia uelekee soko kuu, lililo kati ya Mkunguni na Tandamti. Jengo hilo lilichorwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Watanzania, na lilifunguliwa mwaka 1975. Tazama paa: miavuli ya zege iliyopinduliwa, inayoleta kivuli, inayopitisha hewa na kukusanya maji ya mvua. Chini ya ardhi kuna ghala la mazao ambalo wafanyabiashara wanaliita shimoni. Soko liliungua usiku wa 10 Julai 2021, likakarabatiwa na kuongezewa jengo jipya pembeni. Kabla ya kupanga ununuzi wa mazao humo, waulize wauzaji wa nje ni bidhaa gani ziko ndani sasa.

Ukiwa njiani, tafuta nyumba chache za Kiswahili zilizobaki: hazina ghorofa, paa la bati, baraza mbele, korido katikati na vyumba vitatu kila upande, uani nyuma. Mtaa mzima ulikuwa hivyo kabla ya ghorofa. Wenye viwanja wengi waliingia ubia na wajenzi, wakapewa sehemu ya jengo jipya. Ujenzi wa haraka umeleta hatari yake: 16 Novemba 2024 ghorofa liliporomoka na kuua watu wengi. Ukiona jengo lina nyufa kubwa, au mafundi wanachimba chini huku maduka ya juu yako wazi, usiingie, hata kama bei ni nzuri.

Malizia mzunguko kwenye Msimbazi, makao ya klabu ya soka ya Simba, kisha panda upande wa Jangwani na Twiga yaliko makao ya mpinzani wake, Yanga. Yanga ilianzishwa 1935 na Simba 1936, zote ndani ya eneo hili, ndiyo maana mechi yao inaitwa dabi ya Kariakoo. Siku ya dabi usivae nyekundu wala kijani na njano kama hutaki kusimamishwa kila hatua kumi. Jezi halali inunue kwenye duka rasmi la klabu. Barabarani jezi bandia ni nyingi, na nembo yake hubanduka baada ya kufuliwa mara chache.

Mtaa na bidhaa yake

Mpangilio hubadilika, lakini mgongo wake ni huu. Uhuru, hasa upande wa Mnazi Mmoja, ni kanga, vitenge na vitambaa. Kongo ni nguo mpya, viatu na umati wa machinga. Aggrey na Likoma ni simu na vifaa vyake. Gerezani ni vyuma, zana na spea. Mitumba usiitafute Kariakoo kwenyewe. Vuka hadi Karume, Ilala, ufike alfajiri wakati marobota yanafunguliwa. Ukishaona maduka matano mfululizo ya bidhaa moja, uko mahali penyewe. Ukiona duka moja peke yake katikati ya bidhaa nyingine, bei yake haina mshindani.

Kanga zinahitaji maelezo zaidi. Kanga huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili ambavyo havijakatwa. Kila kipande kina pindo kuzunguka, mji katikati, na jina, yale maneno ya chini. Soma jina kabla ya kulipa! Kanga ya mafumbo ukimpelekea mama mkwe inaweza kuzua kesi, na muuzaji hana wajibu wa kukuonya. Fungua doti yote uitazame kwenye mwanga wa nje, si chini ya taa ya duka. Kagua vitu vitatu:

Kwanza, chapa: pindo la kushoto na la kulia zilingane upana, na rangi isivuke mipaka. Pili, rangi: lowesha kidole, sugua kona nyeusi au nyekundu, kidole kikibadilika sana, itachuja. Tatu, uzi: omba kinyuzi cha ukingoni, kichome kwa kiberiti nje ya duka. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, polista huyeyuka na kuacha punje ngumu. Polista si kosa kama bei ni ya polista, ila kwa joto la Dar es Salaam utajuta.

Ukinunua, fundi cherehani wa karibu atakukatia na kupinda ncha kwa dakika chache. Kubaliana naye bei kwanza, na kaa hapo hapo hadi amalize. Kwa kitenge uliza urefu kwa yadi, kisha mwombe apime mbele yako. Gauni la mtu mzima lenye kilemba linakula yadi sita bila kubakiza.

Kwa nguo za jumla, kumbuka pakiti huja na saizi mchanganyiko na mara nyingi huruhusiwi kuchagua. Saizi za nguo za kutoka China ni ndogo: iliyoandikwa XL mara nyingi inamkaa mtu wa L. Fungua pakiti moja, pima kwa futi kamba, halafu uamue.

Simu nunua kwa utaratibu huu, usiruke hatua:

1. Ingia dukani. Simu ya mkononi mwa mtu aliyesimama njiani usiiguse. Mchezo wa zamani ni kukuonyesha simu nzuri, kisha inafungwa na kubadilishwa, unafika nyumbani na kipande cha sabuni.
2. Uliza wazi: mpya, au iliyotumika? Simu zilizotumika kutoka Dubai ni nyingi na nyingine ni nzuri, lakini bei yake si ya mpya.
3. Piga *#06#, linganisha namba ya IMEI na ya kwenye boksi, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 uone jibu linataja aina ile ile. Simu bandia zilifungiwa nchini tangu Juni 2016.
4. Weka laini yako, piga simu, jaribu kamera zote, spika, chaji na alama ya kidole. Fungua mipangilio uone ukubwa halisi wa hifadhi. Jaribu kurekodi video ya dakika mbili; simu inayopata moto hapo ina tatizo.
5. Hakikisha haina akaunti ya mtu mwingine.
6. Andikiwa muda wa waranti kwenye risiti, na boksi likifungwa lisitoke machoni pako.

Winga

Dakika tano baada ya kuingia, kijana atakuuliza: "Dada, unatafuta nini?" au "Bosi, nikupeleke?" Huyo ni winga. Hana duka, kazi yake ni kumfikisha mteja kwa mwenye bidhaa, na anaishi kwa cha juu: tofauti kati ya bei ya duka na bei unayolipa. Wapo waaminifu, na kwa bidhaa adimu, mfano spea ya mashine au kitufe cha aina fulani, winga mzuri atakuokolea nusu siku. Kosa la wageni ni kumfuata bila mapatano, halafu wakashangaa bei.

Ukimhitaji, taja bidhaa na idadi, kisha sema mapema utampa kiasi gani kwa kazi yake, na kwamba bei utaisikia mwenyewe kutoka kwa muuzaji. Akikataa sharti hilo, mshukuru na uendelee. Akikubali, mfuate kwa nyuma hatua mbili, kumbuka kila kona, na usipande ngazi za jengo lisilo na wateja. Usimpe fedha "akakuletee", usimpe simu yako "apige kwa mwenye duka". Mkifika, salimia mwenye duka wewe, uliza bei wewe, lipa kwa jina la duka.

Usiyemhitaji, jibu fupi la heshima linatosha: "Asante kaka, nazunguka kwanza." Usisimame unapolisema. Ukijibu kwa dharau utafuatwa na maneno, ukitaja unachotafuta utafuatwa na watu wanne.

Bei, malipo na risiti

Salamu ni sehemu ya bei. Mzee wa duka mwamkie "shikamoo" kabla ya kugusa bidhaa. Kijana "habari za kazi" inamtosha. Kisha uliza maswali mawili pamoja: "Rejareja bei gani, na jumla inaanzia pisi ngapi?" Maduka mengi huhesabu jumla kuanzia pisi tatu, sita au dazani. Ukiwa na mwenzako mnaweza kuunganisha mahitaji mkapata jumla.

Kupunguziwa kunategemea unayezungumza naye. Duka la jumla lina faida ndogo kwa kila kipande, kwa hiyo kutaja nusu ya bei ni kumvunjia mtu heshima. Omba apunguze kidogo au aongeze kipande. Kwa machinga nafasi ni kubwa zaidi, na "bei maongezi" ina maana hiyo hasa. Ulizia maduka matatu kabla ya kutaja bei yako, na ukiitaja ikakubaliwa, nunua. Kukimbia baada ya kukubaliana ni aibu, na muuzaji wa jirani ameshasikia.

Malipo ya lipa namba, yaani kulipa kwa simu kwenye namba ya duka, ni salama kuliko noti. Kabla ya kuweka namba ya siri, jina linatokea kwenye skrini: lisome. Likiwa la mtu binafsi wakati duka lina jina jingine, uliza. Subiri ujumbe wa mtandao wenyewe, usitegemee ujumbe anaokuonyesha mtu kwenye simu yake. Ujumbe wa "nimekutumia kimakosa, rudisha" usijibiwe. Angalia salio lako kwanza.

Dai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na isome papo hapo: tarehe ya leo, jina la duka, kiasi kamili ulicholipa. Wengine hukuuliza "na risiti au bila risiti?" wakiweka bei mbili. Bila risiti unabaki bila ushahidi ukirudisha bidhaa mbovu, na sheria inamgusa mnunuzi pia: maofisa wa TRA, mamlaka ya mapato, wanaweza kukusimamisha na mzigo, na faini inaweza kuwa kubwa kuliko ulichopunguziwa. Anayesafirisha mzigo mikoani au kuvuka mpaka aipige picha risiti siku hiyo hiyo, kwa sababu karatasi yake hufifia kwa joto.

Kula

Asubuhi, supu ya ng'ombe au mbuzi na chapati, ndimu na pilipili pembeni. Mchana, mama lishe: wali maharage, wali nyama, ugali na dagaa au samaki, mboga za majani. Chagua penye foleni ya wapagazi na wauza duka. Wanakula hapo kila siku, na chakula hakilali. Angalia kama sufuria inatoa mvuke na kama maji ya kunawa yanatiririka. Juisi ya miwa ikamuliwe mbele yako pamoja na ndimu na tangawizi, na kama tumbo lako ni jepesi, kataa barafu. Jioni wanatokea wa mishkaki, chipsi mayai, supu ya pweza, na muuza kahawa chungu na birika lake na kashata. Kahawa hiyo kunywa umekaa, ndiyo sehemu pekee ya Kariakoo ambapo hakuna anayekuharakisha.

Usalama

Vibaka wa Kariakoo hutegemea msongamano na simu iliyoko mkononi. Begi livae kifuani. Ukitaka kusoma ramani au kujibu simu, ingia ndani ya duka, geuza mgongo ukutani. Ukiona watu wamejazana wakitazama mchezo wa karata au ugomvi wa ghafla, pita mbali. Anayekupapasa yuko nyuma yako. Bodaboda hupita kinyume na mwelekeo wa magari, kwa hiyo tazama pande zote hata mtaa wa njia moja. Ukisikia "Pisha, mzigo!" sogea pembeni mara moja bila kugeuka kutazama, maana aliyebeba gunia kichwani haoni miguu yako.

Picha omba ruhusa, hasa kwa mama lishe na wapagazi. Ukiibiwa simu, piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, kwa simu ya mtu unayemwamini ili laini ifungwe, kisha nenda Kituo cha Polisi Msimbazi. Usipige kelele za "mwizi" kwa kumshuku mtu tu: umati hauulizi, na mtu anaweza kuuawa kwa kosa lako.

Kuutoa mzigo

Kila duka likupe mzigo uliohesabiwa mbele yako, kipande kwa kipande, kabla ya kufungwa kwenye kiroba au boksi. Andika kwa peni nene jina lako, namba ya simu, mji unaokwenda na namba ya kifurushi kati ya jumla yake: "2 kati ya 5". Piga picha kila kimoja.

Ndani ya mitaa, tumia mpagazi kwa kifurushi kimoja, mkokoteni au guta, baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, kwa vingi. Mpatane bei hadi mlangoni pa gari, tembea naye bega kwa bega, lipa mkifika. Bajaji zisubirie pembeni, Lumumba au Msimbazi; ukiiita katikati ya Kongo utalipia foleni. Mzigo mkubwa, kirikuu moja, ile pikapu ndogo, inabeba viroba vingi na inagharimu pungufu ya safari tatu za bajaji.

Wa kwenda mikoani peleka kwenye ofisi ya basi inayopokea vifurushi, pata stakabadhi yenye uzito na thamani iliyotajwa, kisha mtumie anayepokea picha yake pamoja na namba ya ofisi ya huko. Usikubali thamani iandikwe ndogo ili kupunguza gharama, kwa kuwa mzigo ukipotea utalipwa hiyo ndogo. Wa kwenda Lubumbashi, Bujumbura au Moroni tafuta msafirishaji anayekusanya mizigo ya njia hiyo, umuulize mambo manne: siku ya kuondoka, anayelipa ushuru mpakani, bei kwa kilo au kwa ujazo, na mzigo unalala stoo ipi hadi siku hiyo. Nenda uione stoo hiyo kwa macho kabla ya kulipa, uangalie kama sakafu ina mbao za kuinua mizigo. Mvua za masika zikiingia, viroba vilivyolala chini kwenye saruji ndivyo vinavyoloa kwanza.